Usugu wa Dawa Husafiri, na Njia Yake Ni Maji

Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa ripoti ambayo namba zake bado zinazungumzwa. Katika mwaka 2023, inasema ripoti hiyo, maambukizi 1 kati ya kila 6 yaliyotokana na bakteria na kuthibitishwa maabara hayakusikia dawa zilizotarajiwa kuyatibu. Kwa kanda ya Afrika ni 1 kati ya 5. Na kwa bakteria wa tumboni wanaoongoza kuleta maradhi ya mkojo na ya damu, usugu dhidi ya kundi la seftriaksoni, sindano inayokimbiliwa mgonjwa anapozidiwa, umefika hata kupita asilimia 70 katika kanda yetu. Mwezi uliofuata, kama ilivyo kila tarehe 18 hadi 24 Novemba, ikaja wiki ya dunia ya kuhamasisha juu ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Ujumbe unaotufikia katika wiki kama hiyo tunaujua kwa moyo: usinunue antibayotiki bila ya cheti, usimgaie jirani vidonge vyako, maliza dozi.

Sina ugomvi na ujumbe huo. Ugomvi wangu ni na hadithi iliyojengeka nyuma yake, inayosikika barazani Ng'ambo kama inavyosikika kwenye foleni ya hospitali Chake Chake, kwamba usugu ni kosa la mgonjwa mmoja mmoja. Fulani alikatiza dozi, mwili wake ukaizoea dawa, sasa yanamkuta. Hadithi hiyo imekosea jambo la msingi. Mwili hauizoei antibayotiki, kwa sababu dawa hiyo haiulengi mwili, inawalenga bakteria. Na bakteria wenyewe mara nyingi hawaupati usugu kwa jasho lao. Wanaupokea ukiwa umeshatengenezwa, ndani ya kipande cha vinasaba kilichotoka kwa bakteria mwengine, pengine wa aina nyengine kabisa, aliyekuwa akiishi ndani ya utumbo wa kuku au kwenye maji ya karo. Vipande hivi vinavyohama ndivyo wahusika wakuu wa mkasa huu. Kisiwa kinachotaka kuushinda usugu kwa kuwasimamia wameza vidonge tu, huku maji machafu, vyoo, mabanda ya kuku na mikono ya wahudumu wodini vikiachwa kama vilivyo, kitashindwa hata siku ambayo kila mtu atamaliza dozi yake.

Nilianza kulifikiria jambo hili kwa sababu ya shangazi yangu wa Wete. Ni mtu wa mitishamba na dua, na dawa za hospitali amezimeza mara za kuhesabika tangu nimjue. Mwaka juzi alipata UTI isiyokubali kuondoka. Vidonge vya kwanza havikumfaa, vya pili pia, mpaka mkojo ukaoteshwa maabara na karatasi ikarudi imejaa herufi R, yaani dawa hii imegonga mwamba, na hii, na hii. Mbili kati ya dawa hizo hajawahi kuzitia mdomoni wala kuchomwa. Daktari kijana aliyempokea alimuuliza kwa upole kama ana mazoea ya kukatiza dozi. Shangazi akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye nitakayejibu. Swali lililofaa lilikuwa jengine: bakteria wa mwanamke asiyekunywa dawa amejifunza wapi kuzishinda dawa?

Jibu la swali hilo lilianza kupatikana Japani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nchi ile ilisumbuliwa sana na kuhara damu kunakoletwa na bakteria aitwaye Shigela. Walianza kutumia salfa, zilipochoka wakaingia kwenye streptomaisini, tetrasaiklini na kloramfeniko. Katikati ya miaka ya 1950 wakaanza kuonekana Shigela wasiosikia dawa zote nne kwa mpigo. Hili liliwashangaza wataalamu. Kama usugu ni bahati ya mabadiliko madogo ndani ya vinasaba, kuyapata manne kwa wakati mmoja, tena kwa wagonjwa wengi, ni muhali. Zaidi ya hayo, katika tumbo la mgonjwa mmoja walikuta E. koli, bakteria wa kawaida wa utumbo, akiwa na usugu ule ule wa dawa zile zile. Karibu na mwaka 1959 Kunitaro Ochiai na Tomoichiro Akiba, kila mmoja kwenye maabara yake, walionyesha kwamba ukiwachanganya bakteria sugu wa aina moja na wasio sugu wa aina nyengine, usugu unavuka. Mwaka 1963 Tsutomu Watanabe aliueleza ulimwengu habari hiyo kwa maneno mazito: upo urithi unaoambukiza.

Hapa ndipo elimu ya skuli inapotuangusha. Tumefundishwa kwamba urithi hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, juu kwenda chini. Kwa bakteria urithi huenda pia ubavuni, kutoka kwa jirani kwenda kwa jirani. Kuna plasmidi, kijiduara cha vinasaba kinachoishi ndani ya bakteria pembeni ya kromosomu yake, yaani uzi mkuu wa vinasaba vyake, na ambacho huweza kunakiliwa na kupitishwa kwa bakteria mwengine wanapogusana. Kuna transposoni, kipande kinachoweza kujikata au kujinakili na kujipachika pengine, kutoka kwenye kromosomu kwenda kwenye plasmidi na kutoka plasmidi hii kwenda ile. Na kuna virusi vinavyoshambulia bakteria, ambavyo vyengine, badala ya kuua, hujichomeka ndani ya vinasaba vya mwenyeji na kubaki humo. Mzanzibari hahitaji mfano wa mbali. Plasmidi ni jahazi, transposoni ni abiria anayeshuka jahazi hili na kupanda lile, na jeni ya usugu, yaani kile kipande cha vinasaba chenye maelekezo ya kuishinda dawa, ni furushi alilobeba begani. Bandari ni pahala popote ambapo bakteria wa aina nyingi wanasongamana: utumbo wa mtu, utumbo wa kuku, karo, mtaro.

Safari hizi zina kumbukumbu za tarehe. Mwaka 1965, kutoka kwa mgonjwa mmoja wa Athens, Ugiriki, walipatikana E. koli wenye kimeng'enya kinachoivunja ampisilini. Jeni yake ilikuwa juu ya transposoni. Jina lenyewe la transposoni lilibuniwa mwaka 1974 na R. W. Hedges na A. E. Jacob waliokuwa wakichunguza usugu huo huo wa ampisilini. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 jeni hiyo ilikuwa imeshaingia kwa bakteria wa homa ya uti wa mgongo ya watoto na kwa bakteria wa kisonono, ambao si ndugu wa karibu wa E. koli. Kisa cha seftriaksoni ni cha ajabu zaidi. Jeni zinazoongoza leo duniani kwa kuivunja dawa hiyo zinaitwa CTX-M, na asili yake ni bakteria wa mazingira, Kluyvera, ambaye watu wengi watakufa bila ya kuwahi kuugua kwa ajili yake. Kijipande kinachoruka kilijipachika karibu na jeni hiyo, kikainyanyua, kikaipandisha kwenye plasmidi, na kutoka hapo ikaenea mabara yote. Ukiisoma tena ile asilimia 70 ya WHO kwa jicho hili, huwaoni wagonjwa wazembe saba kati ya kila kumi. Unaona mzigo ulioteremshwa kwenye bandari nyingi mno.

Wapemba na Waunguja tuna sababu yetu wenyewe ya kuyajua haya, nayo ni kipindupindu. Mwaka 1869 na 1870 kiliua watu wengi hapa, na daktari James Christie, aliyekuwa akitibu Mjini wakati huo, alikifuatilia kwa makini kutoka nyumba hadi nyumba na kutoka njia ya msafara hadi bandarini. Wimbi la sasa, ambalo ni la saba, lilianzia Indonesia mwaka 1961, likaingia Afrika mwaka 1970, na mwaka 1978 likaripotiwa Zanzibar. Bakteria wa kipindupindu ni mkaazi wa kawaida wa maji ya mlangoni mwa mito na ya mikokoni, na wengi wa jamaa zake hawana uwezo wa kuleta mripuko. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos, huko Marekani, walithibitisha kwamba jeni za sumu inayomkamua mtu maji yote ya mwili hazikuwa za bakteria huyo tangu asili. Zililetwa na kirusi kilichojichomeka ndani yake. Yaani ugonjwa uliowafukia wazee wetu ni matokeo ya abiria aliyepanda chombo kilichokuwa hakina madhara hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika mripuko wa India, akapatikana abiria mwengine, kipande kinachoitwa SXT, kilichobeba kwa pamoja usugu wa septrini, kloramfeniko na streptomaisini. Kirusi kilimpa bakteria silaha. SXT ikampa ngao.

Mwaka 2017 François-Xavier Weill na wenzake walisoma vinasaba vya sampuli zaidi ya 1,000 za kipindupindu kutoka nchi 45 za Afrika, za karibu miaka 50. Waligundua kwamba wimbi la saba liliingizwa Afrika angalau mara 11, na kwamba aina sugu zilizoingia katika miaka ya karibuni zilitoka Asia. Nitairudia habari hii chini, kwa sababu wapo wanaoitumia kujenga hoja isiyosimama.

Kabla ya hapo naomba nifungue mlango mkubwa kidogo, maana bila ya huo mtu anaweza kudhani kuhama kwa vinasaba ni hila ya bakteria peke yao. Aliyegundua kwamba vipande vya vinasaba huruka alikuwa akichunguza mahindi. Barbara McClintock aliona katika miaka ya 1940 kwamba madoadoa ya punje za mahindi hayaelezeki ila kwa kitu kinachohama kutoka pahala hadi pahala kwenye kromosomu. Alipowaeleza wenzake mwaka 1951 wengi hawakumuelewa, na tuzo ya Nobel ilimfika mwaka 1983 akiwa na miaka 81. Leo tunajua kwamba karibu nusu ya jenomu ya binadamu, yaani jumla ya vinasaba vyake vyote, imetokana na vipande vya aina hiyo, vingi vikiwa vimeshakufa na kubaki kama magofu. Asilimia 8 hivi ni mabaki ya virusi vilivyowaingia mababu zetu wa kale na kurithiwa. Vichache bado viko hai: mwaka 1988 Haig Kazazian na wenzake waliwakuta watoto wawili wenye ugonjwa wa damu kutoganda ambao chanzo chake ni kipande kilichoruka na kuipasua jeni inayohusika. Lakini sehemu ya mabaki hayo imegeuka kuwa nguzo za maisha yetu. Jeni moja iliyotoka kwa kirusi cha kale ndiyo inayosaidia kuunda kondo, ambalo mtoto hulishwa kupitia humo tumboni. Na vimeng'enya vinavyokata na kuunganisha jeni zetu ili mwili utengeneze kingamwili za kila namna vina asili ya transposoni iliyofugwa mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Silaha tunayopigania maradhi na silaha ya maradhi zimechimbwa machimbo mamoja.

Hata mbu anatumia mlango huu. Mwaka 2022 watafiti waliripoti kwamba mbu wa malaria wa Uganda na nchi za jirani wanaoishinda dawa ya vyandarua wamebeba, karibu na jeni ya kuivunja dawa hiyo, kipande kinachoruka cha kundi lililopewa jina la Zanzibar. Nilipoliona jina letu humo nilishtuka kidogo. Ni jina tu, na halina maana kwamba kipande hicho kilitoka huku, lakini lilinikumbusha kwamba tunayoyazungumza si mambo ya wenzetu wa mbali.

Sasa turudi kwenye mabishano. Upande wa kwanza, ambao ni wa wafamasia wengi, wizara na mashirika, unasema tatizo ni matumizi ya dawa, na dawa ni kudhibiti cheti na dozi. Hoja yao ina nguvu na ingekuwa dhuluma kuipitia juu juu. Kila antibayotiki inapoingia tumboni huwaua wasio na usugu na kuwapisha wenye nao. Pasipo na dawa, furushi la usugu ni mzigo mtupu kwa aliyelibeba. Penye dawa, ndilo linalomuokoa. Kuna zaidi. Mwaka 2004 maabara ya Waldor ilionyesha kwamba siprofloksasini, dawa inayouzwa hapa kama njugu, huitia hofu seli ya bakteria mpaka kipande cha SXT kinatoka na kuhamia kwa wengine kwa kasi kubwa kuliko kawaida. Maana yake dawa haichagui tu nani abaki. Inalipulizia jahazi tanga. Na China wametupa ushahidi wa upande huu. Mwaka 2015 iligunduliwa huko plasmidi yenye jeni iitwayo mcr-1, inayoishinda kolistini, moja ya dawa za mwisho kabisa za binadamu. Ilikuwa imejaa kwa nguruwe, kwa sababu wafugaji waliwachanganyia kolistini kwenye chakula ili wakue haraka. Mwaka 2017 matumizi hayo yakapigwa marufuku, na ndani ya miaka michache jeni hiyo ikapungua sana kwa wanyama na kwa watu. Kwa hiyo anayesema nidhamu ya dawa haina faida anakwenda kinyume na ushahidi.

Lakini nidhamu hiyo ina kikomo, na kikomo chenyewe kimewekwa na tabia ya vipande vihamavyo. Uingereza katika miaka ya 1990 ilipunguza matumizi ya dawa za salfa kwa asilimia 97, kazi ambayo nchi nyingi haziwezi hata kuiota. Watafiti walipopima E. koli kabla na baada, usugu wa salfa ulikuwa umetoka karibu asilimia 40 mwaka 1991 na kufika asilimia 46 mwaka 1999. Haukushuka, ulipanda. Sababu ni kwamba jeni ya kuishinda salfa ilikuwa imeabiri plasmidi moja na jeni za kuzishinda dawa nyengine zilizokuwa bado zinatumika, na jahazi likibakishwa kwa ajili ya abiria mmoja, wote hubaki. Mwaka 2018 Peter Collignon wa Australia na wenzake walilinganisha nchi nyingi duniani, wakaangalia ni kitu gani kinakwenda sambamba na usugu. Kiwango cha matumizi ya antibayotiki hakikuonyesha uhusiano wa maana. Miundombinu bora na utawala bora ndivyo vilivyokwenda na usugu mdogo. Ulinganisho wa namna hiyo hauthibitishi chanzo, hilo nalikubali. Lakini ukiuweka pamoja na yaliyotokea Sindh unaacha kuwa namba tupu.

Sindh ni jimbo la Pakistan. Mwishoni mwa mwaka 2016, katika mji wa Hyderabad wa huko, watoto walianza kuugua homa ya matumbo isiyosikia seftriaksoni wala dawa nyengine nne za kundi la kawaida. Bakteria aliyehusika alikuwa ni yule yule wa homa ya matumbo aliyezoeleka eneo lile, sugu kiasi lakini wa kutibika. Vinasaba vyake viliposomwa ikaonekana kwamba amepokea plasmidi moja mpya yenye jeni ya CTX-M, na plasmidi hiyo ilishajulikana kutoka kwa E. koli. Mpokeo mmoja tu. Uchunguzi wa wagonjwa na ramani za mitaa ukaelekeza kidole kwenye maji ya kunywa yaliyochanganyika na maji taka. Yaangalie matukio hayo kwa mpangilio wake. Bakteria wa homa ya matumbo na E. koli walikutana kwa sababu kinyesi kilikutana na kinyesi, na mtoto akapata ugonjwa kwa sababu kinyesi kilikutana na maji ya kunywa. Mahali pote pawili, mkutano wenyewe na usambaaji wake, mlango ulikuwa ni ule ule. Kumaliza dozi kusingeuziba. Kilichosaidia baadaye ni chanjo: mwaka 2019 Pakistan ikawa nchi ya kwanza kuiingiza chanjo mpya ya homa ya matumbo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto.

Zipo hoja nyengine, dhaifu zaidi, ambazo nazisikia mara kwa mara na sitaki ziachwe bila ya jibu. Ya "mwili umezoea" nimeshaijibu, ila naongeza kwamba ina madhara: mtu akiamini hivyo hujiona salama kwa kuwa yeye hajala dawa nyingi, kama shangazi yangu. Ya pili ni ya wanaosema sisi ni visiwa, tuna milango michache, tukaze ukaguzi bandarini na uwanja wa ndege. Hawa ndio huitaja ile habari ya kuingizwa mara 11 kutoka nje. Lakini bakteria mwenye plasmidi hupita ndani ya utumbo wa mtu mzima asiyeumwa popote, aliyetoka matibabuni, Hija au masomoni, na hakuna kipima joto kitakachomnasa. Meli ya Malindi na boti za Dar es Salaam haziwezi kusimama, wala hazipaswi. Kuingizwa mara 11 katika bara zima kwa karibu miaka 50 kunaonyesha kwamba mgeni akifika ni lazima akute pa kushukia ndipo alete maafa. Kazi yetu iko hapo pa kushukia.

Hoja dhaifu kuliko zote hutoka kwa watu waliosoma kidogo juu ya haya niliyoyaeleza: kwamba kama kuhama kwa vinasaba ni maumbile, na hata sisi tumejengwa kwa vipande hivyo, basi hakuna la kufanya. Ni kama kusema kwa kuwa mvua ni ya Mungu hakuna haja ya kuezeka. Kuhama ni maumbile, kweli, lakini wingi wa mikutano si maumbile. Hakuna kilichoumbwa kinachowakutanisha bakteria wa wodini, wa kuku waliofugwa kwa tetrasaiklini na wa mtoto anayeharisha ndani ya shimo moja la maji. Hilo tumelijenga wenyewe, na tunaweza kulijenga vyengine.

Tuitazame basi ardhi yetu. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye vitundu na mapango, na maji tunayoyategemea yako chini yake. Maji yanayomwagwa juu ya mawe hayo hayachujwi kama kwenye udongo mzito. Hushuka haraka na kila kilichomo. Mashimo ya vyoo na makaro yako juu ya mawe hayo hayo. Katika karne ya 19 Sayyid Barghash aliona umuhimu wa kuyaleta maji ya chemchemi ya upande wa Bububu mpaka Mjini kwa mabomba, kwa sababu visima vya mjini vilikuwa havina usalama. Mji umekua mara nyingi zaidi tangu hapo, na msingi wa shida ni ule ule. Pemba ina udongo zaidi na mabonde, lakini visima vingi vifupi viko bondeni na nyumba ziko juu yake. Mvua za masika zinapofurisha makaro, bandari zote nilizozitaja hapo juu huwa bahari moja.

Anayepinga ataniambia: mradi wa maji taka ni wa mabilioni na wa miaka 30, ilhali kanuni ya cheti inaandikwa kwa wiki. Ni pingamizi la haki, na ndilo linalonifanya nisiseme tuache cheti. Lakini si kila kilicho upande wa maji kinasubiri mabilioni. Mwaka 2009 baadhi ya shehia za Unguja na Pemba zilipewa chanjo ya kunywa ya kipindupindu, na waliochanjwa dozi mbili walipata kinga ya asilimia 79. Mtu asiyeugua hanywi dawa, na bakteria asiyeingia hawezi kupeana mizigo na wenyeji wa utumbo. Sabuni na bomba lenye maji karibu na kila kitanda cha wodi ya watoto wachanga ni bei ndogo kuliko sindano za akiba tunazolazimika kuzinunua zile za kawaida zinapogonga mwamba. Dawa ya kuchanganya kwenye maji ya kuku wazima wasioumwa inaweza kukatazwa kama China walivyoikataza kolistini, na mbolea ya banda inaweza kurundikwa na kuiva kabla ya kumwagwa kwenye matuta ya mchicha. Ofisi ya maji inapotoa kibali cha kisima na serikali ya mtaa inapotoa ruhusa ya karo, vibali hivyo vinapaswa kutazamwa na jicho moja. Na Pemba tuna maabara ya afya ya jamii pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000. Visiwa vingi vya ukubwa wetu havina hata hiyo. Ningependa kuona bakteria wa kuku wa sokoni, wa visima na wa wagonjwa wakioteshwa huko sambamba mwaka hadi mwaka, na plasmidi zao zikilinganishwa, ili tujue mzigo gani umepita njia gani. Hesabu za vidonge vilivyouzwa haziwezi kutuambia hilo.

Shangazi alipona, baada ya sindano za siku nyingi ambazo mwanawe alizitafuta mpaka akazipata upande wa pili wa bahari. Nilipokwenda kumtazama nilitoka nyuma ya nyumba nikapima kwa miguu kutoka karo la jirani, lililo juu ya mteremko, mpaka kwenye kisima anachotekea. Ni hatua 14. Jirani ni mtu mwema, karo amelijenga kwa fedha zake na kwa ruhusa, na kisima kilikuwapo kabla ya wote wawili kuzaliwa. Tumekubaliana, yeye na sisi, kuchanga kwa ajili ya bomba la kutoka barabarani, na fundi ameahidi kulimaliza kabla ya masika.